Ubavuni mwa Tsawe

Juzi fundi alipogonga lipu ya chumba cha nyuma, harufu iliyotoka ukutani ilinikalisha chini. Haikuwa harufu ya saruji. Ilikuwa harufu ya jiwe la matumbawe lililofungiwa miaka mingi, chumvi kidogo, kombe la pwani lililokauka, na ubaridi kama wa mtungi ulioishiwa maji. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha chai, nikijifanya nasimamia kazi nisiyoijua. Tunamfungulia Mama dirisha kubwa, maana amezeeka na analalamika joto. Kipande cha lipu kikaanguka, vumbi jeupe likapanda, nami nikakaa juu ya kitanda cha Mama nikiwa mtoto wa miaka tisa.

"Mawe haya siku hizi huyapati," fundi akasema, akilipangusa moja kwa kiganja. "Yamechongwa kwa mkono. Na hili lina makaa. Nani alikuwa akichora ukutani?"

Kweli, kwenye jiwe kulikuwa na mstari mweusi uliofifia, umepinda kidogo, umekwenda mpaka ukingoni ukakatika. Niliujua mkono uliouchora, na nilijua ulichorwa wapi, kwa kuwa siku hiyo nilikuwapo. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mstari ule tulikuwa tukilala nao chumba kimoja miaka yote.

Fundi ameenda kula, na mafundi nawajua, harudi kabla ya alasiri. Basi ngoja niwasimulie.

Ilikuwa likizo ya Agosti, katikati ya miaka ya themanini. Tulikuwa tumepanga chumba cha mabati Chaani, Changamwe, chumba ambacho adhuhuri ungeweza kukaangia yai ukutani. Baba alikuwa utingo wa malori ya masafa, wiki yupo, wiki hayupo. Mama alikuwa akifua nguo za watu. Akitoka kufua alikuja kupika, akitoka kupika alituogesha, na akipata kuketi neno lake la kwanza lilikuwa "nimechoka". Hakulisema kwa kulalamika. Alilisema kama wengine wanavyosema alhamdulillahi, kisha akanyoosha miguu na kuitazama.

Tulikuwa na kiwanja kidogo Magongo, magugu matupu. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikipitia, tukasimama mbele yake kimya kama waliokwenda kumwona mgonjwa, halafu tukarudi Chaani. Kilichokosekana ni mawe ya kujengea. Basi kaka yake Mama, Mjomba Karisa, alipotuma salamu kwamba Mama aende nyumbani kuna shauri la mawe, na huenda naye akapata ya kwake, Mama aliomba ruhusa kwa wenye nguo, akanifunga leso kichwani, tukaondoka.

Tulivuka kisiwa kizima na daraja la Nyali, tukashukia Kisauni kwenye barabara ya Malindi. Kutoka hapo ni miguu, njia ya malori inayokwenda bara, bahari tumeipa mgongo. Jinsi tulivyosonga ndivyo kila kitu kilivyozidi kuwa cheupe. Mikorosho ilikuwa myeupe, makuti ya nyumba meupe. Nilimwona mbuzi mweupe, akajikung'uta, akawa mweusi.

Mahali penyewe paliitwa Timboni, kwa ajili ya timbo, yaani shimo la kuchonga mawe. Kabla hujaliona ulilisikia, ko, ko, ko, mashoka yakipishana bila haraka, kama watu wanaotwanga mchana wakiwa na njaa. Palikuwa na kijimji, vibanda vya chai, kanisa la makuti, msikiti mdogo uliopakwa chokaa, na mangwe ambako tembo la mnazi liliuzwa tangu asubuhi. Lakini nusu ya milango ilikuwa imefungwa, na mwenye kibanda cha chai alitutazama kwa namna ya mtu aliyesahau jinsi ya kuwakaribisha wageni. Wanaume walikuwa na kope nyeupe, na wote walikohoa. Walikohoa wakisalimia, walikohoa wakicheka.

Mjomba Karisa alikuja kutupokea njiani, mrefu, mgongo umepinda upande wa mkono ulioshika shoka. Mimi sikuwahi kufika pale, Mama akiwa amekaa miaka bila kwenda kwao, kwa hiyo Mjomba aliona ni wajibu wake kunipa historia. Alitupitisha ukingoni mwa timbo, akawa anasimulia huku akinyoosha kidole hewani.

"Pale palikuwa na nyumba kubwa ya babu yako. Pale, mkorosho. Na pale ndipo alipozaliwa mama yako."

Nilifuata kidole chake. Palikuwa na hewa tupu juu ya shimo, na mwewe akipita. Kwa muda mrefu baada ya hapo niliamini Mama yangu alizaliwa angani, na nilijivuna nalo shuleni.

Historia yenyewe, kama alivyonipa, ilianza na kiu. Tsawe, ndiyo babu kwa Kigiriama, alichimba kisima. Kabla ya kuyapata maji alilipata jiwe, jeupe, safi, lisilo na ufa. Akalirundika pembeni akaendelea kuchimba. Siku moja akapita mtu wa mjini, akaomba maji, akapewa kata, na badala ya kushukuru akawa analitazama lile rundo. Wiki iliyofuata alirudi na lori.

"Jiwe letu likitoka ni kama muhogo," Mjomba alisema. "Unalichonga utakavyo. Likishapigwa na upepo ndipo linakuwa jiwe. Ndiyo maana walilipenda."

Wakaacha kupalilia minazi. Nani angengoja nazi zikomae na jiwe halihitaji mvua? Watu wakaja kutoka bara na makabila yao, wakajenga, wakaoa. Mawe yakaenda kisiwani, yakaenda Nyali kwenye kuta ndefu zenye vioo juu, yakaenda kwenye hoteli za ufuoni. "Kila nyumba unayoiona Mombasa," Mjomba aliniambia, "ina shimo lake mahali. Shimo lake ndilo hili." Kisha akakohoa, akatema, akatazama alichotema. Jiwe zuri lilikuwa limekwisha. Chini kulikuwa na maji na udongo mlaini usiofaa kitu, na malori yalikuwa yakija siku moja, siku tatu hayaonekani.

Lakini hayo niliyasikia kwa sikio moja, kwa sababu macho yangu yalikuwa katikati ya timbo. Mle ndani, peke yake, ilisimama nguzo ya jiwe ambalo halikuchongwa, ndefu kama nyumba ya ghorofa. Juu yake kulikuwa na nyasi kidogo, na katikati ya nyasi kijiti kimesimama, kimefungwa kitambaa chekundu.

Kilikuwa kigango cha Tsawe. Tsawe alikuwa katika chama cha wazee, na mzee wa namna hiyo akifa hanyamazi. Alimjia Mjomba ndotoni akilalamika baridi, hata akachongewa kigango, ubao mrefu wenye kichwa na nakshi za pembe tatu, ukasimikwa kaburini na kuvishwa vitambaa kiunoni. Na sheria ya kigango ni moja. Kikishasimikwa hakiondolewi. Watu watahama, nyumba zitahama, chenyewe kitabaki pale mpaka kioze.

Mjomba Karisa alikuwa mtu wa kushika sheria. Hakukigusa. Alichimba kusini mwake, akachimba kaskazini mwake, akaenda chini na jiwe mwaka baada ya mwaka, na kigango kikabaki palepale kiliposimikwa. "Hatukumhamisha Baba hata kidogo," aliniambia, na kweli alijivunia. Hakuwa amemhamisha. Alikuwa amehamisha nchi nzima iliyomzunguka.

Kilichobaki ni shingo ya jiwe, pana kama vitanda viwili, iliyotoka ukingoni ikaenda kushikana na nguzo. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya Hawe, mama yake Mama, kwenda kumpelekea mumewe maji.

Hawe tulimkuta akipepeta mahindi mlangoni. Nikapiga goti. "Shikamoo, Hawe."

"Marahaba, mke mwenzangu," akasema. "Umekuja kuninyang'anya mume?"

Kwetu ndivyo bibi anavyomtania mjukuu wa kike, kwamba wote wawili ni wake wa babu. Mimi nilikuwa sijui. Nililichukulia kwa uzito wake, nikasema sikuja kunyang'anya, nimekuja likizo. Hawe alicheka hadi akaweka ungo chini. Alikuwa mwembamba, meno machache, na mikono yenye joto.

"Twende basi tukamwone mume wetu. Ana kiu, huyo. Tangu anioe ana kiu."

Tukapita kwenye shingo ile, yeye mbele na kibuyu, mimi nimeshika leso yake, nikiogopa kutazama chini ambako wanaume walionekana wadogo kama siafu weupe. Mama alitufuata kwa mbali. Alikuwa na Biblia mkobani, na alipoona kibuyu kinainamishwa aligeuza uso akatazama mawingu, ili wote wawili, mchungaji na baba yake, wasiwe na neno naye.

Hawe alimwaga maji taratibu. "Kadzo amekuja," alikiambia kigango, na hilo ndilo jina la Mama. "Amekonda. Amekuletea mke mdogo, mwoga mwoga hivi, lakini atakua." Kisha akanionyesha mahali ambapo shingo iliungana na nguzo, ubavuni kabisa mwa kaburi, pamesuguliwa na makalio yake mwenyewe. "Hapa ni pangu. Watanichimbia kwa tindo, kazi wanaijua." Akajilaza chali, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. "Pananitosha?"

"Miguu inatoka," nikasema.

"Nitaikunja," akasema Hawe.

Shauri lilikaliwa jioni hiyo uani. Mjomba Karisa alikaa kwenye kigoda, akaanza na habari za watoto, na shule, na vijana wanaoondoka kwenda kubeba mizigo bandarini. Alizunguka sana. Hatimaye akasema kilichomfanya atuite. Jiwe zuri lililobaki Timboni nzima lilikuwa katika ile shingo. Likatwe, nusu liuzwe, nusu Kadzo akajengee nyumba.

"Kigango hakitaguswa, Mama," akaongeza upesi. "Kitakaa palepale."

"Kigango kina sheria yake," Hawe akasema. "Na mimi?"

"Wewe tutakulaza chini ya nguzo. Ni karibu naye. Ni palepale tu."

"Chini," akasema Hawe.

"Ubavuni mwake, Mama, ila chini."

Hawe alitoa ugoro kwenye pindo la leso, akaushika tu bila kuutia puani. Kisha akamgeukia Mama. "Kadzo."

"Abee, Mama."

"Wewe wasemaje?"

Hapo ndipo ningependa kuwaambia kwamba Mama yangu alisimama akamtetea mama yake. Mashoka yalikuwa yamekwisha kulala. Mama alikuwa akiitazama miguu yake, kama afanyavyo nyumbani. Halafu akasema, polepole, "Mama, nimechoka kupanga."

Hakusema zaidi. Nilimchukia siku ile, nasema kweli. Nilimwona Hawe akitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa bei akaona hana la kupunguza.

Alimwambia Mjomba, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Kisha akamwambia Mama, kwa sauti nyingine kabisa, "Lakini wewe nimekubeba. Uzito wako naujua. Haya, ikateni."

Asubuhi kabla ya wachonga mawe kushuka, Hawe aliokota kipande cha makaa jikoni akatuita mimi na Mama. Tukaenda mpaka mwisho wa shingo. Akajilaza mahali pake, akampa Mama makaa. "Nizungushie."

"Mama..."

"Nizungushie, jua linapanda."

Mama akavua leso akanipa niishike, akapiga magoti. Alianzia kichwani, akashuka begani, mkononi, kiunoni, makaa yakikwaruza jiwe. Mimi niliona ni mchezo, ule wetu wa kuchorana nyayo mchangani, ila nilishangaa mbona Mama analia akicheza. Alipofika chini akasita.

"Usiniruke miguu," Hawe akasema, macho yamefumbwa. "Mke mwenzangu anasema inatoka."

Kisha akainuka, akajifuta vumbi, akamwita Mjomba Karisa. Akamwambia mawe mengine auze atakavyo, lakini yaliyopitiwa na mstari huu, na yaliyo ndani yake, yasiende kwa mtu ila kwa Kadzo.

Mvua za vuli zilipokwisha lori likaja Magongo na mawe, na Hawe ameketi mbele kwa dereva, ana kikapu na kuku. Alisema amekuja kusimamia kazi. Shingo ilikuwa imekwisha, njia ya kwa mumewe hakuna, na Timboni hakuwa tena na pa kwenda kila wiki, ingawa yeye hakulisema hivyo. Alisema hawaamini mafundi.

Na fundi alikiona cha moto. Hawe aliketi kivulini na fimbo, akionyesha. Hili hapa. Lile pale. Hapana, geuza, uso wenye masizi uje ndani. Fundi alikuwa Mdigo wa Likoni, mcheshi, akamwambia, "Bibi, nyumba njema si mlango, wala si jiwe lipi liko wapi." Hawe akamjibu yeye ajue timazi yake, mawe amwachie mwenyewe. Chumba cha nyuma kilipokwisha akasema atalala humo, na mimi. Nilidhani amechagua chumba chenye baridi, na Mama akasema mtu mzima ana haki hiyo.

Tulilala kitanda kimoja kwa miaka, Hawe upande wa ukuta. Lipu haikuwapo bado. Mawe yalikuwa wazi, na madoa meusi huku na kule ambayo, kama nilipata kuyaona, niliyafikiria moshi wa koroboi. Hawe alilala ameligeukia jiwe, kiganja amekibandika juu yake, na nilipomgusa mgongo ulikuwa baridi. Nikitangulia kitandani nikalichukua pembe la ukuta, alinisukuma kwa nyonga.

"Nipishe huko, mke mwenza. Leo zamu yangu kwa mume wetu."

"Jana pia ilikuwa zamu yako, Hawe. Yangu lini?"

"Wewe kua kwanza."

Nilicheka mpaka Mama akatuambia tunyamaze, kesho kuna shule.

Alifariki mwanzoni mwa miaka ya tisini, na Mjomba Karisa akatimiza ahadi yake. Alimzika ndani ya timbo, chini ya nguzo, akapima kwa kamba kutoka juu ili awe ubavuni hasa mwa Tsawe. Tulisimama mle shimoni tukainua nyuso. Kigango kilionekana kidogo kama njiti ya kiberiti. "Ni palepale," Mjomba alisema, akakohoa. Kijiji kilikuwa karibu kimekwisha, kibanda cha chai kimebaki miti. Mwaka huohuo Mama alipiga lipu chumba cha nyuma. Nilidhani ni maendeleo.

Naona fundi amerudi, kaniambia dirisha litakula safu tatu za mawe, aanze ama asianze. Nimekwenda kumuuliza Mama. Yuko barazani, amenyoosha miguu, anaitazama.

"Asivunje pale," amesema. "Afungulie upande wa pili."

"Mama, ulijua ndiyo mawe yale?"

"Nimechora mwenyewe, nisiyajue? Hawe ndiye aliyempangia fundi yule. La kichwa, la bega, mpaka ya miguu. Alitaka apate kulala mahali pake kabla."

"Kabla ya nini?"

"Kabla hatujampeleka kule chini." Kisha, kama kawaida, "Nimechoka, mwanangu."

Siku hizi nami nachoka vilevile, na ule uchungu niliokuwa nao juu yake siku ya shauri nautafuta siupati. Nimerudi chumbani, nimeketi kitandani upande wa ukuta, na nimeweka kiganja juu ya jiwe lenye mstari. Ni baridi kweli. Usiku baada ya usiku Hawe aliniambia anakwenda kulala na mume wetu, akanigeuzia mgongo, akaenda. Nami nilikuwa nikilala palepale karibu yake, nikidhani ananitania.